MJADALA: Mtandao wa kijamii una haki ya kubadili sura bila kutuuliza sisi watumiaji?

Kandambili
Wadau, habari za jioni. Naleta hoja, tujadili kistaarabu.

Januari 2025 Instagram waliamka wakaamua kwamba vile viboksi vya picha kwenye ukurasa wa mtu, ambavyo vilikuwa mraba tangu mtandao uanze mwaka 2010, sasa viwe virefu. Hakuna aliyeulizwa. Kuna watu walikuwa wamepanga picha tisa zikiungana zinatoa picha moja kubwa, kazi ya wiki nzima, zikavurugika kwa siku moja. Mfanyabiashara aliyeandika bei pembezoni mwa picha, 45,000 inakatwa tarakimu ya mbele inasomeka 5,000. Bosi wao, Adam Mosseri, akaja baadaye kukiri kwamba watu walistahili kuambiwa mapema. Asante kwa taarifa.

Swali langu: ni sawa? Mtu unalala mlango uko mashariki, unaamka uko magharibi, na mwenye nyumba anakuambia utazoea.

FundiMitambo
Mkuu, hapo hujajenga, umepanga. Tena hulipi kodi. Mpangaji asiyelipa kodi anachagua rangi ya ukuta?

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu. Ukiwauliza watumiaji, jibu ni lilelile kila mwaka: acheni kama ilivyo. Tungewasikiliza mpaka leo mngekuwa mnabonyeza namba 2 mara tatu kupata herufi C.

Sumu ya Panya
Hulipi kodi??? Bando nanunua mimi au ananunulia shangazi yako? Zamani unafungua mtandao unaona picha ya harusi, unapita. Siku hizi unafungua tu, video tatu zimeshajicheza zenyewe, MB zimekwenda na hata harusi hujaiona. Halafu anakuja mtu na kompyuta ya ofisi na intaneti ya ofisi anakuambia hulipi kodi.

FundiMitambo
Kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuzuia video zisijicheze. Tatizo hamsomi.

Sumu ya Panya
Ipo wapi? Maana kila nikiijua ilipo, nyie mafundi mnaihamisha. Ndiyo mada yenyewe hiyo.

Kandambili
@FundiMitambo nikupe mfano wa nyumbani. Mtandao siutaji jina, nisije nikaitwa mahakamani.

Bi mkubwa wangu ana miaka 68. Simu anaijua kwa kuhesabu, hasomi kilichoandikwa. Kitufe cha kwanza kutoka kushoto ni cha watoto, cha pili picha, cha tatu usiguse. Kidole kinakwenda chenyewe kama anavyochambua mchele, hata miwani havai. Siku moja mtandao ukajisasisha usiku, vitufe vikapanda juu, na pale alipozoea kunitumia mimi picha pakakaa kitufe cha kuwaonyesha watu wote.

Alikuwa na jipu mguuni. Akalipiga picha anitumie niulize dawa. Likaenda kwa ukoo mzima, kikundi cha kwaya, na fundi bomba aliyemhifadhi tangu 2019. Kufika saa nne asubuhi watu wako mlangoni na uji, machungwa na sura za msiba. Mama anashangaa nani kawaambia.

Sasa huyu naye "hasomi"? Amejifunza kwa shida, akaweza, mkamnyang'anya.

Sumu ya Panya
Mkuu niko upande wako ila hiyo ya jipu ni chai.

Kandambili
Chai gani? Unataka nikuwekee na vitafunwa? Kidonda cha mama yangu nikitungie hadithi ili nipate nini, kura?

Sumu ya Panya
Fundi bomba naye kaleta uji? 😂

Kandambili
Fundi bomba kaleta machungwa. Na tuheshimiane.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, punguzeni joto. Haya hayakuanza leo. Facebook ilipoleta ule mtiririko wa habari, ukifungua unaona fulani kafanya hiki na fulani kaachana na fulani, ghasia zilikuwa kubwa. Nadhani ilikuwa 2007. Kabla ya hapo ilibidi uingie ukurasa wa mtu mmojammoja kama unabisha hodi. Ghafla kila habari ikawa inatangazwa kwa kipaza sauti. Vijana wa vyuo vya Marekani wakaanzisha kundi la kupinga.

FundiMitambo
Septemba 2006, mwalimu. Kundi lilifika watu laki saba hivi ndani ya siku chache, wakati Facebook nzima haizidi watu milioni kumi. Zuckerberg akaandika: tulieni, vuteni pumzi, tunawasikia. Siku chache baadaye akaomba radhi, akaongeza vitufe vya faragha, lakini mtiririko wenyewe hakuutoa.

Na hapa ndipo ninapowapenda watumiaji: kundi la kupinga mtiririko lilikua haraka kwa sababu ya mtiririko. Mmoja akijiunga, marafiki zake wote wanatangaziwa kwamba amejiunga, nao wanajiunga. Waliutukana wakiwa wameupanda. Leo nani anaishi bila huo mtiririko? Wewe Kandambili ungeiona wapi habari ya viboksi?

Kandambili
Kwa hiyo mtu akizoea kupigwa, alipenda kupigwa?

FundiMitambo
Sijasema hivyo.

Shemeji wa Ughaibuni
Nipo Minnesota, huku ni usiku, acha nichangie nikalale. FundiMitambo anachagua mifano anayoipenda. Snapchat 2018 mbona kaikwepa? Walichanganya ujumbe wa marafiki na hadithi (stories) zao sehemu moja, watu zaidi ya milioni moja na laki mbili wakasaini ombi la kurudishiwa sura ya zamani. Kylie Jenner, mdogo wake Kim Kardashian, akaandika Twitter kwamba hafungui tena Snapchat, hisa zikashuka kiasi cha asilimia 6 siku iliyofuata, dola bilioni moja na pointi zake zikayeyuka. Robo ya pili ya mwaka huo watumiaji wa kila siku wakapungua kutoka milioni 191 hadi 188. Hao hawakuzoea. Waliondoka.

Na Instagram Julai 2022 walijaribu kuigeuza iwe skrini nzima kama TikTok. Wakina Kardashian wakapiga kelele, Mosseri akarudi nyuma ndani ya wiki. Kwa hiyo wakitaka kusikia wanasikia. Inategemea nani anaongea.

Sumu ya Panya
Dada yake Kim akilalamika hisa zinashuka. Mimi nikilalamika naambiwa nisome mipangilio.

Shemeji wa Ughaibuni
Kuna jingine mmelisahau. Facebook iliwahi kuwa na KURA. Ilianza 2009: watu wakipinga sana mabadiliko ya kanuni, inapigwa kura. Ila ili matokeo yawafunge wao, lazima asilimia 30 ya watumiaji wote wapige. Desemba 2012 wamefikisha watu bilioni moja, maana yake zinahitajika kura milioni 300. Walipiga watu laki sita na ushee, asilimia 88 wakakataa. Na moja ya mambo yaliyokuwa yanapigiwa kura ilikuwa kufuta kura zenyewe. Zikafutwa.

Sumu ya Panya
Hii nchi naijua 😂😂😂

Mwalimu Mstaafu
Siasa jukwaa lake liko kule, ndugu.

Bint Kiamu
Naomba nirudi kwa mama wa Kandambili, pole zake. Kwani simu yake iko kwa lugha gani? Nyanya yangu alikuwa na shida iyo iyo, tukamgeuzia simu ikawa Kiswahili. Sasa kitufe kikihama anakisoma, hahesabu. Facebook yenyewe iko kwa Kiswahili tangu 2009, ni vile watu waonaona haya kuitumia.

Sumu ya Panya
Kiswahili cha simu? Kile cha "ghairi"? Dada, usimuue mama wa watu. Mimi na diploma yangu nilikaa dakika tano natazama "Ghairi" na "Endelea" sijui nibonyeze ipi. Nani anaongea hivyo? Ni maneno ya kutungwa na watu wamejifungia chumbani. Na nyie wa Kenya mtuache kidogo kwenye Kiswahili.

Bint Kiamu
"Nyie wa Kenya." Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ndugu yangu. Bibi wa bibi yangu alighairi safari ya Pate kwa sababu ya kusi kabla babu yako hajajua kusi ni upepo. Neno li hai huku kwetu kila siku: nilitaka kwenda sokoni, nimeghairi. Halikutungwa chumbani, wewe ndiye hukulisikia.

Mwalimu Mstaafu
Binti kasema kweli. Hata Unguja utalisikia vibarazani. Ila naomba kutofautiana kidogo: kughairi ni kubadili nia. Simu haina nia. Mimi ningeandika "Acha".

FundiMitambo
"Acha" kwenye kitufe cha kukatisha malipo? Mtu atadhani tunamgombeza. Acha!

Bint Kiamu
Mwalimu, aliyebadili nia si simu, ni mwenye simu. Abonyeza yeye.

Mwalimu Mstaafu
Hoja hiyo naikubali kwa shingo upande.

Sumu ya Panya
Sasa kama ni neno zuri hivyo, nauliza watu kumi hapa Makoroboi, akijua mmoja nakununulia bando la wiki.

Bint Kiamu
Waulize na "arifa", na "faragha", na "nywila". Wasipojua, lawama ni ya neno? Wewe "settings" ulizaliwa nayo?

Sumu ya Panya
Settings nilifundishwa na fundi simu. Mtu wa faragha sijawahi kumuona mtaani.

Bint Kiamu
Inaonekana. Faragha hamnayo.

Kandambili
Jamani mada ilikuwa viboksi.

FundiMitambo
Acha niseme kitu kimoja kama mtu wa kazi hiyo, halafu mnirukie. Aliyegeuza viboksi hakuamka tu. Picha nyingi na video nyingi siku hizi zinapigwa simu ikiwa wima, kwenye mraba zilikuwa zinakatwa juu na chini kila siku. Kwa hiyo kuna watu walikuwa wanaumia kimya kwa mpangilio wa zamani. Wanaofaidika na mabadiliko huwa hawaandiki malalamiko.

Shemeji wa Ughaibuni
Hapo nakuelewa. Lakini kumbuka nyota ya Twitter. Novemba 2015 waliitoa wakaweka moyo. Kwa fundi ni alama tu. Kwa mtumiaji nyota ilikuwa na kazi kumi: nimeona, nitasoma baadaye, sikubaliani lakini nimekusikia. Mtu akiandika kafiwa, utamwekea moyo? Waliona umbo la kitufe, hawakuona watu walikigeuza kuwa nini.

FundiMitambo
Hiyo nyota hata mimi niliikosa, kusema kweli.

Kandambili
EHEE! Imeandikwa, imehifadhiwa. Fundi kakosa nyota.

FundiMitambo
Nimesema niliikosa, sijasema walikosea.

Sumu ya Panya
Ameghairi huyo.

Bint Kiamu
😂 Sasa umelitumia sawa kabisa. Bando langu la wiki liko wapi?

Sumu ya Panya
Nilisema watu kumi wa Makoroboi. Mimi sijahesabiwa.

Kibajaji Chekundu
Nimesoma kichwa cha habari tu, wengine mtanisamehe. Mimi kilichoniuma ni yule ndege. Julai 2023 nafungua Twitter naona herufi X, nikadhani programu imeharibika, nikaifuta nikapakua upya, ikaja ileile X. MB 100 zimekwenda.

Sumu ya Panya
Karibu chama cha wasiolipa kodi.

Kibajaji Chekundu
Nimerudi juu nimesoma yote sasa. Kandambili, mguu wa mama unaendeleaje? Naona watu kurasa mbili wanagombania ghairi, mgonjwa hajaulizwa.

Kandambili
Asante ndugu, wewe ndiye muungwana wa kwanza. Mguu umepona kabisa. Ila picha bado iko pale pale, hajui kitufe cha kuifuta kimehamia wapi, na mimi niko Dodoma. Jana kaletewa uji mwingine.