Msaada: shimesikio za mama zinagoma kutoa sauti kwenye laptopu ya Linux

Mchokonozi
Wakuu, habari za jioni. Mama ana shimesikio mbili za Bluetooth, vile vifaa vya kumsaidia kusikia. Kwenye simu yake ya Android zinapiga kazi safi, voisi za wajukuu zinaingia moja kwa moja masikioni. Kwenye laptopu yangu ya Linux zinaonekana, zinaunganika, basi. Hazijitokezi kama spika.

Nimewasha kumbukumbu ya HCI kwenye simu (rekodi ya mazungumzo yote ya Bluetooth) nikaifungua na Wireshark, programu ya kusoma pakiti. Kuna huduma ya Bluetooth yenye namba FDF0 na chaneli ya L2CAP, njia ya data ya Bluetooth, inayobeba sauti. Nikaandika programu ndogo ya kuiga simu: natuma amri ya kuanza, kiwango cha sauti nimeweka 0 ili nianze taratibu, kisha pakiti za sauti iliyobanwa kwa kodeki ya G.722, za baiti 160 kila milisekunde 20. Shimesikio zinakubali, ila mama anasema ni kama mtu anakaanga vitumbua sikioni. Nakosea wapi?

Waya_Mwekundu
Mvue mama hizo mashine kwanza!! Kwenye itifaki hiyo 0 ndiyo sauti ya juu kabisa, kimya ni -128. Umemfungulia yote. Anza na -100, ujaribu ukiwa umeishika mkononi, si sikioni kwa mtu.

Mchokonozi
Mungu wangu. Ndiyo maana alinikata jicho.

Dada_Pakiti
Kaka, hapo hakuna siri ya kuvunja. FDF0 ni ASHA, itifaki ya kutuma sauti kwenye shimesikio kwa Bluetooth; Google na GN Hearing waliitangaza 2018 na maelezo yake yako wazi. Umekaa na Wireshark bure.

Hesabu yako ni sahihi nusu. G.722 ni kilobiti 64 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 20 ni baiti 160 za sauti, lakini mbele yake inakaa baiti moja ya namba ya mfululizo. Jumla 161. Wewe unaanza na sauti yenyewe, mashine inaidhani ni namba. Tena kodeki isianzishwe upya kila pakiti, inategemea ilichokisikia nyuma, ukiikata itagonga-gonga.

Waya_Mwekundu
Na usiandike chochote kwenye huduma usizozijua, hasa za kampuni iliyotengeneza. Huko ndiko mipangilio ya mtaalamu wa masikio inaweza kuwa imekaa.

Mchokonozi
Nimeongeza baiti. Kwaya inasikika! Ila sikio la kushoto tu.

Dada_Pakiti
Kila upande una muunganisho wake, tuma mara mbili. Soma sifa za kifaa: baiti ya pili, biti ya kwanza, 0 ni kushoto na 1 ni kulia. HiSyncId, namba ya utambulisho wa jozi, ikifanana, ni pacha. Halafu sasisha BlueZ na PipeWire, programu za Bluetooth na sauti kwenye Linux; matoleo ya karibuni yameanza kuijua ASHA, huenda usihitaji programu yako kabisa.

Mchokonozi
Wiki mbili nimekesha, ndiyo unaniambia leo? Haya, nasasisha. Mama anadai mashine zake, taarifa ya habari imeanza.