Tupeane uzoefu: joto la laptopu kwa sisi tunaochangia nguvu za kompyuta kwenye utafiti

Kaskazi wa Sinza (mleta mada)

Ndugu zangu, habari za jioni. Miezi ya joto imefika, na najua humu tupo wengi tuliosakinisha BOINC, ile programu ya kuchangia nguvu za kompyuta, katika laptopu zetu na kuziacha zikikokotoa usiku kucha. Kila ninayekutana naye ana namna yake ya kupambana na joto, lakini hatujawahi kuziweka mbinu hizo pamoja. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta mwenyewe, kwa mashine yake mwenyewe, katika hali ya hewa hii hii ya Dar es Salaam.

Kwa asiyefahamu, utaratibu ni huu: wanasayansi hugawa hesabu kubwa kuwa mafungu madogo, programu ikapakua fungu moja, ikalikokotoa wakati prosesa haina kazi nyingine, kisha ikarudisha jibu kwenye seva ya mradi. SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyotafuta ishara za viumbe wenye akili angani na iliyowafanya watu wengi waujue uchangiaji huu, ilianza Mei 1999 na kuacha kugawa kazi Machi 2020. Mimi nipo Einstein@Home. Mwaka 2010 mradi huo ulitangaza pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mipigo ya redio, iliyobainika kupitia kompyuta za watu wa kawaida wa Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani, na nilipoisoma habari hiyo niliona kwamba hata chumba changu kimoja cha Sinza kinaweza kuwa na nafasi katika jambo kubwa.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba laptopu hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayefungua ukurasa, akasoma, akaandika mistari miwili, akanyanyuka kwenda kunywa chai. Prosesa hupata joto kwa muda mfupi, halafu hupoa. BOINC haina muda huo wa kunyanyuka. Mimi niliiweka yangu juu ya godoro, viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake za kukokotoa, vikifanya kazi kwa asilimia 100, dirisha moja likiwa limefungwa kwa sababu ya mbu. Dalili ya kwanza haikuwa harufu wala kelele. Kipanya cha kugusa kiliacha kubonyea. Nikadhani ni uchafu. Wiki moja baadaye nikaona laptopu ikiwekwa mezani inayumba kama kiti chenye mguu mfupi, na kati ya kifuniko cha chini na bodi pamefunguka mwanya ambao sarafu ya shilingi mia ingeweza kupita. Betri ilikuwa imevimba. Nilizima mara moja, nikachomoa chaja na kumpelekea fundi, naye akaniambia nisithubutu kuibonyeza wala kuitoboa, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Sasa ninatumia nusu tu ya viini, laptopu inakaa juu ya meza, na joto la prosesa ninaliangalia kila jioni. Lilikuwa nyuzi 97 za Selsiasi. Sasa halizidi 81. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa Mbagala

Ndugu mleta mada, pole sana kwa betri. Ninafundisha fizikia, kwa hiyo naomba nianze na jambo ambalo naona wengi hulipita.

BOINC ina mipangilio miwili inayofanana kwa jina lakini haifanani kwa matokeo. Mmoja huchagua viini vingapi vitumike. Mwingine huchagua asilimia ya muda wa prosesa, nao ukiuweka asilimia 50, programu hukimbia kidogo na kusimama kidogo, hukimbia na kusimama, mchana na usiku. Wastani wa joto hushuka, ni kweli, lakini katika kila kipindi cha kukimbia prosesa hupanda hadi spidi yake ya juu, na humo ndimo joto jingi linamozaliwa. Ili prosesa iende kasi zaidi hudai volti kubwa zaidi, na umeme unaogeuka joto huongezeka kwa mraba wa volti hiyo, ukizidishwa tena kwa spidi. Ukipunguza spidi kidogo, joto hupungua kwa kiasi kikubwa kuliko kazi unayoipoteza.

Kwa sababu hiyo mimi sikugusa asilimia ya muda. Katika mipangilio ya umeme ya Windows nilishusha hali ya juu kabisa ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, na kwa laptopu yangu hiyo moja iliyopungua inatosha kuizuia Turbo Boost, ule uwezo wa prosesa kujiongezea spidi, isiamke. Nilitoka nyuzi 93 hadi 76, na fungu lililokuwa likichukua saa saba sasa huchukua saa tisa na kitu. Mafungu yangu ya Einstein@Home hupewa siku 14 za kurudishwa, kwa hiyo saa hizo mbili hazimuumizi mtu.

La pili ni vumbi. Mtaa wetu hauna lami. Nilikuwa nikipuliza matundu kwa nje kila mwezi nikiamini nimesafisha, hadi fundi mmoja wa Kariakoo alipofungua kifuniko mbele yangu. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupoozea palikuwa na tandiko la vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi, ambalo alilivuta kwa kibano likatoka zima. Kumbe kupuliza kwangu kulikuwa kunalisukuma likandamane zaidi. Ile pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Aliikwangua, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Angalizo: kabla ya kupuliza aliishika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu ya upepo huweza kuharibika.

Dada wa Kigamboni

Shikamoo mwalimu. Nimeyafuata maelezo yako ya asilimia 99 leo hii, na feni imetulia kiasi kwamba mama ameniuliza kama laptopu imeharibika.

Langu ni la tahadhari. Mwaka jana mwezi wa pili niligandisha chupa bapa za maji kwenye friji, nikazifunga kwa kitambaa na kuziweka chini ya laptopu. Joto lilishuka upesi, nikafurahi sana. Baada ya dakika arobaini hivi nilipoinyanyua, kitambaa kilikuwa chapachapa na upande wa chini wa laptopu ulikuwa umejaa matone, ilhali chupa zote zilikuwa zimefungwa vizuri. Maji yale yalitoka hewani. Sisi tunaoishi kando ya bahari hewa yetu imebeba unyevu mwingi, na ukiweka kitu baridi kiasi kile katikati yake, unyevu hugeuka matone juu yake kama unavyofanya kwenye chupa ya soda baridi. Tone moja lingeingia kwenye bodi, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Tafadhali msitumie barafu.

Ninachotumia sasa ni visoda vinne, vile vifuniko vya chupa za soda, viwili viwili nimevibandika kwa gundi na kuviweka chini ya kona za nyuma. Laptopu inainuka, hewa inapita chini, basi. Nimeielekeza mezani upande wa dirisha linalopokea kaskazi, na upepo ukigeuka kuwa kusi nitaihamishia upande wa pili wa chumba.

Mkazi wa Tabata

Wakuu, naona hakuna aliyegusia LUKU, yaani umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, na kwangu hilo ndilo lililoamua kila kitu.

Nilinunua kifaa cha kupima umeme cha kuchomeka ukutani. Laptopu yangu ikikokotoa kwa nguvu zote hula wati 45, ambazo kwa saa 24 ni uniti moja na kidogo, yaani takriban uniti 32 kwa mwezi. Nyumba yangu ipo katika kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, na nyongeza hiyo ingenitoa humo. Nilipopunguza viini na kuzuia spidi ya juu, matumizi yalishuka hadi wati 22. Joto na gharama ni kitu kile kile, kwa kuwa kila wati unayoilipia huishia kuwa joto chumbani. Mwenye kupunguza kimoja amepunguza na kingine.

Sasa inakokotoa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tu, muda nilioupanga ndani ya BOINC yenyewe. Nimeiagiza pia isimame umeme ukikatika na laptopu ikahamia kwenye betri, maana betri inayochajiwa na kumalizwa huku imechemka huchoka mapema. Kazi haipotei, kwa kuwa programu huhifadhi ilipofikia kila baada ya muda na huendelea kutoka hapo.

Kuna wanaoshauri kuondoa betri kabisa na kuacha chaja pekee. Mimi sikubaliani nao. Mtaani kwetu umeme hukatika bila hodi, na laptopu isiyo na betri huzimika ghafla katikati ya kuandika kwenye diski. Kama laptopu yako ina mpangilio wa kuzuia chaji isizidi asilimia 80 au 60, utumie huo, kwa sababu kinachoumiza betri zaidi ni kujaa pomoni ikiwa ndani ya joto.

Mchangiaji wa Mikocheni

Mimi nilikwenda njia ya mkato, nikasakinisha BOINC kwenye kompyuta ya kazini kwa sababu ofisi ina kiyoyozi. Sikuomba ruhusa. Mkuu wangu aliikuta ikikokotoa siku ya Jumapili, na nilistahili maneno aliyonipa, kwani umeme ule na mashine ile si vyangu. Nimehamia kwenye simu yangu ya zamani ya Android. Kwa mpangilio wake wa awali BOINC ya simu hufanya kazi simu ikiwa kwenye chaji tu, na husimama betri inapofika nyuzi 40. Mchana wa Januari inasimama mara nyingi. Alfajiri inakwenda vizuri.

Kaskazi wa Sinza (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo, na nawashukuru wote. Mkazi wa Tabata, hoja yako ya kuchagua saa za usiku nimeichukua, ila kwangu nitaanza saa sita, kwa sababu bati la chumba changu huendelea kutoa joto la mchana hadi usiku mkubwa.

Jana nilipitia kwa muuza soda wa jirani, akanipa visoda bure. Nimevibandika kama alivyoeleza dada wa Kigamboni, nikashusha ile asilimia moja ya mwalimu, nikaruhusu viini vitatu badala ya viwili. Saa nane usiku niliamka kuangalia: nyuzi 74, kiganja kinakaa juu ya kibodi bila kuungua, na fungu la Einstein@Home limefika asilimia 61. Muda wake wa kurudishwa ni Alhamisi ijayo.