Naomba ushauri: mtoto wa miaka 4 ananuka mdomo

Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miaka 4 ananuka mdomo, hasa akiamka asubuhi. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, ulimi namsafisha mwenyewe, na daktari wa meno hakuona jino lililotoboka. Ila usiku anakoroma, analala mdomo wazi mpaka mto unalowa mate. Nikimmulika kooni kwa tochi ya simu naona vipunje vyeupe kwenye tezi za koo. Pua haitoi usaha, kwa hiyo sidhani kama ameingiza harage puani likaozea humo na kuleta harufu. Wenzake chekechea wameanza kumkwepa, inaniuma sana. Kwa huko kukoroma nawaza huenda ni nyama za puani, yaani tezi za nyuma ya pua zilizovimba. Mliouguza mtoto mwenye tatizo hilo, harufu iliisha kwa dawa au mpaka upasuaji? Nianzie kwa daktari wa watoto au wa masikio, pua na koo?