Miaka 11 stoo, sasa bahasha zangu zinaliwa na panya. Kazi zinatafutwa wapi siku hizi?

KaraniWaStoo (Nakuru)

Hamjambo nyote. Nina miaka 41, naishi Kaptembwo, na nimekaa bila kazi miezi minne. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area kwa miaka 11. Kupokea mzigo langoni, kuulinganisha na karatasi ya dereva, kujaza kadi, kutoa mali kwa sahihi. Kisha wakaleta mfumo wa kompyuta na skana. Tulikuwa makarani sita, wakabaki vijana wawili. Sisi wengine tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukapewa soda na barua.

Nikarudi mtaani kutafuta kazi vile nilivyoitafuta zamani: CV nakala ishirini, bahasha za kaki, viatu nimevipiga kiwi. Kwenye lango la tatu askari, mtu mzima kama mimi, alinionea huruma. Akavuta katoni ya mafuta ya kupikia kutoka chini ya meza yake. Imejaa bahasha pomoni! Za chini zimetafunwa na panya pembeni. Akaniambia, "Mzee, hizi hakuna anayepanda nazo juu. Kazi siku hizi zinatangazwa kwenye simu."

Basi nikahamia saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Nimejaza fomu 34. Jibu nimepata moja, ujumbe wa kunitaka nitume shilingi 1,500 za kupimwa afya kabla ya mahojiano. Nilituma. Mke wangu hajui, na tafadhali yabaki humu.

Swali langu: kazi ya stoo imekufa, ama mimi ndiye ninayeitafuta mahali ambapo haipo? Kijana wangu yuko kidato cha tatu na karo haingoji.

Kababa_Free_Area

Mzee, shika pasipoti uende Qatar. Binamu yangu yuko huko stoo, analipwa vizuri.

KaraniWaStoo

Asante kijana. Na hili goti nalo litaomba viza yake?

AfisaMstaafu

Ndugu, nilifanya kazi idara ya wafanyakazi kwa muda mrefu. Kabla ya kutafuta mpya, tumalize ya zamani. Je, ulilipwa kiinua mgongo cha kuondolewa? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mtu akiondolewa kwa sababu nafasi yake haipo tena, alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka alioumaliza. Miaka 11 ni siku 165. Hapo sijagusa notisi ya mwezi wala likizo ambazo hukuzichukua. Afisa wa kazi wa eneo lako pia alipaswa kuarifiwa mwezi mmoja mapema. Nenda ofisini kwake na barua yako. Dai la namna hii lina miaka mitatu tu, likipita limepita.

Pili, dai cheti cha utumishi. Hicho si barua ya kukusifu, ni haki yako chini ya kifungu cha 51: jina lako, kazi uliyofanya, ulianza lini, ulimaliza lini.

Kuhusu zile 1,500, pole. Mwajiri wa kweli hamwombi mtu pesa kwa ujumbe wa simu. Na CV yako naweza kuikisia bila kuiona: shule ya msingi, dini, "napenda kusoma na kuangalia kandanda". Toa hayo. Andika ulisimamia aina ngapi za mali, na mlipohesabu mwisho wa mwaka upungufu ulikuwa kiasi gani.

NyarManyatta (Kisumu)

Kaka, yaliyokupata wewe kwa skana yalinipata mimi kwa masikio. Nilikuwa nikiandika sauti: unatumiwa rekodi ya Kiingereza, unaichapa neno kwa neno, unalipwa kwa dakika. Nililipia watoto shule hivyo. Halafu programu zikaanza kuandika zenyewe, tukabaki kusahihisha makosa ya mashine kwa malipo ambayo hayafiki hata nusu. Mwaka mzima nilikaa nikisema hali itarudi. Haikurudi.

Kilichonitoa ni rekodi ya wavuvi wa Dunga. Mtafiti mmoja alikuwa ameipitisha kwenye programu, ikatoka kichekesho. Wazee walikuwa wakizungumza Dholuo, wanaruka kwa Kiswahili, wanarudi. Walisema ngege, yaani samaki aina ya tilapia, mashine ikaandika ndege. Ukurasa mzima wa bei ya ndege kwa kilo! Nikairekebisha, akaniletea nyingine, akamwambia mwenzake. Kazi si nyingi kama zamani, lakini bei naitaja mimi.

Kwa hiyo sikuulizi una cheti gani. Hiyo skana inakosea wapi, ambapo wewe hukosei? Hapo ndipo uanzie.

KaraniWaStoo

Dada, swali lako limenikosesha usingizi. Skana haikosei kusoma. Lakini haijui kwamba kilicho ndani ya katoni si kile kilichoandikwa nje. Haijui mfuko ulioloa. Haijui dereva anayekuja saa sita kamili akijua karani ana njaa na atahesabu haraka haraka.

DukaNjoro

Mzee, nimesoma kimya tangu jana. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Njoro. Siwezi kuajiri karani wa mwezi mzima, ukweli ni huo. Lakini ninaibiwa na sijui ni wapi. Juu ya hayo kuna eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haihesabiwi unapokokotoa kodi, kwa hiyo kila mkandarasi ananidai ankara. Kijana wangu wa kaunta akiandika nondo kumi, stoo zimetoka kumi na mbili. Ukija siku mbili kwa wiki, uhesabu na ulinganishe, nitalipa kwa siku. Na si mimi peke yangu, barabara hii nzima inalia hivyo hivyo. Umetafuta viwandani tu. Huku hakuna lango wala askari.

KaraniWaStoo

Nimerudi baada ya siku tisa. Nimeshaenda mara tatu.

Tulianza na misumari, maana hapo ndipo duka huvuja. Inanunuliwa kwa katoni, inauzwa kwa kilo, na kila kilo inatoka na konzi ndogo ya urafiki. Lakini kidonda kilikuwa kwenye nondo. Daftari linasema 140, chini ziko 117. Mwenye duka akaanza kumtazama kijana vibaya. Nikamwambia ngoja. Nyuma ya matangi nikakuta vipande: mteja anataka nusu, nondo inakatwa, nusu moja inauzwa bila kuandikwa popote, nyingine inasahaulika hapo. Nilivihesabu vyote. Zilizosalia bado tunazitafuta, lakini kijana amelala kwake usiku huo. Sasa vipande vina kadi yao.

Duka la pili limeniita kwa Alhamisi. eTIMS ananifundisha huyo huyo kijana wa kaunta, naye ni mwalimu mkali.

AfisaMstaafu

Na zile siku 165?

KaraniWaStoo

Jumatatu nimemwona afisa wa kazi, barua yangu ameichukua nakala. Lile la 1,500 limefika nyumbani: kijana wangu alimsomea mama yake mazungumzo haya yote, kuanzia juu. Nimeambiwa nitakula ugali na chumvi mpaka pesa irudi.