Naomba ushauri: daftari la rubani wa Epstein linathibitisha nini?

Ndugu zangu wenye uzoefu wa sheria, uhasibu au urubani, naomba ushauri wenu. Ninaandaa makala kuhusu uhusiano wa Jeffrey Epstein, msimamizi wa fedha wa Marekani aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu wasichana kingono na kufia gerezani mwaka 2019, na Leslie Wexner, tajiri wa maduka ya nguo wa Ohio, Marekani, ambaye mwaka 1991 alimpa Epstein mamlaka ya kisheria ya kusimamia fedha zake na kutia saini kwa niaba yake, na ambaye mwaka 2019 alimtuhumu kwa kufuja fedha hizo. Wexner mwenyewe hajashtakiwa kwa jinai.

Kinachonitatiza ni daftari la rubani lililotolewa kama kielelezo katika kesi ya Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein, mwaka 2021. Kila mstari una tarehe, namba ya usajili wa ndege, vifupisho vya viwanja na abiria, wengine kwa jina kamili, wengine kwa herufi za mwanzo tu, na wengine wameandikwa "mwanamke 1", basi. Mstari wa namna hiyo unaniumiza, kwa sababu huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya safari ya msichana aliyedhulumiwa.

Sitaki kumchafua mtu yeyote, maana kupanda ndege si kosa. Je, herufi mbili zinatosha kumtaja mtu kwa jina? Na kwa kuwa hata ile ndege ya Epstein aina ya Boeing 727 iliwahi kuwa ya kampuni ya Wexner, nianze na nyaraka zipi ili kufuatilia mali zilivyohama kutoka kwa mteja kwenda kwa msimamizi wake: za usajili wa ndege, au hati za nyumba?