Familia ya Bibi Zuhura: chanjo ya Salma

Salma (Leicester): Assalaam alaykum nyote. Nimeitwa Jumamosi kuchomwa chanjo ya mafua. Dripu yangu ya infliximab, ile dawa ya Crohn (ugonjwa wa utumbo), ni Jumatatu. Naogopa kuchanganya. Niache vidonge vyangu vya azathioprine kwanza?

Mama Mkubwa: Waalaykum salaam mwanangu. Upumzishe mwili. Kinga yako imeshushwa na dawa, halafu utiwe ugonjwa mwingine? Juzi tu tumbo limetulia.

Idi: Mwaka jana nilichomwa, wiki hiyo hiyo mafua yakanilaza.

Rukia (muuguzi): Salma USIACHE kidonge hata kimoja! Crohn ikiamka utapewa steroidi, nazo zinashusha kinga vilevile. Chanjo unachomwa siku yoyote, kabla au baada ya dripu.

Rukia: Shikamoo Mama Mkubwa. Hofu yako naielewa. Ila ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kuleta mafua. Yenye virusi hai vilivyodhoofishwa ni ile ya kupuliziwa puani, hapa Uingereza hupewa watoto. Hiyo ndiyo haimfai Salma.

Mama Mkubwa: Marahaba. Idi je?

Rukia: Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga. Huenda alikuwa kashaambukizwa, au yalikuwa mafua ya kawaida ambayo virusi vyake ni vingine. Mkono kuuma na kajoto ka siku moja mbili, hayo yapo.

Salma: Na tumbo dada?

Rukia: Chanjo haijaonekana kuamsha ugonjwa wa utumbo. Mimi naogopa mafua yenyewe, kwa mtu wa dawa hizi yakishuka kifuani ni nimonia na kulazwa. Na nikwambie kweli, infliximab na azathioprine kwa pamoja zinaipunguza nguvu chanjo. Kwa hiyo shemeji naye achanjwe. Aseme anaishi na mtu mwenye kinga dhaifu, hatalipa kitu.

Salma: Yusufu shuleni wanampulizia puani. Nikae naye mbali?

Rukia: Hapana, mkumbatie mwanao. Wanaotengwa ni wale ambao kinga imeisha kabisa, kama aliyetoka kupandikizwa uboho. Kwenye fomu andika tu dawa unazotumia.

Mama Mkubwa: Na akija Mombasa?

Rukia: Aje. Ila ya homa ya manjano asichomwe, ile ina virusi hai. Amuulize daktari wake mapema kabla ya kukata tiketi.

Salma: Fomu ya Yusufu naijaza sasa hivi. Jumamosi saa nne naenda na baba yake.

Mama Mkubwa: Haya nenda mama. Mkitoka nipigie.