Kupima kaboni dioksaidi ya dizeli yetu: lita, kilomita au kifaa cha moshi?

Mwenye_Stoo_Nakuru
Habari zenu wakubwa. Tunabeba unga na mbolea kutoka Nakuru hadi Kisumu na Malaba. Mteja wetu mkubwa sasa anataka kujua tunatoa kaboni dioksaidi kiasi gani kwa mwaka. Nimetajiwa njia tatu: kujumlisha lita za dizeli, kuhesabu kilomita, au kukodi watu wapime moshi kwenye bomba. Hiyo ya mwisho bei yake inatisha. Ipi inaaminika?

Mhasibu_Milimani
Lita, bila kusita. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68, petroli kilo 2.3, na gesi ya kupikia karibu kilo 3 kwa kila kilo. Usishangae kaboni dioksaidi kuzidi uzito wa mafuta yenyewe: lita ya dizeli ina karibu gramu 730 za kaboni, nazo hushikana na oksijeni ya hewani hadi uzito ukafika mara 3.67 ya ule wa kaboni.

Ila usitegemee risiti peke yake kama mna tangi uani. Tuseme mwezi ulianza na lita 1,200 tangini, mkanunua 9,000, na mwisho wa mwezi kijiti kikaonyesha 700. Mmetumia 9,500, si 9,000. Zidisha kwa 2.68, unapata tani 25.5 hivi.

Binti_Kondele
Na malori ya kukodi je? Sisi hapa Kisumu mizigo mingi hubebwa na malori ya watu, risiti zao hatuzioni. Huko kilomita ndizo zinatuokoa: tani za mzigo mara kilomita, mara kiwango cha aina ile ya lori.

Dereva_Mzee
Kilomita zinadanganya, binti yangu. Toka Nakuru, kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, upande na mzigo hadi Timboroa, zaidi ya 2,700. Kurudi tupu ni kilomita zile zile, lakini mafuta si yale. Halafu kuna foleni ya Malaba, injini inanguruma na gari halisongi.

Binti_Kondele
Ni kweli, mzee wangu, ndiyo maana tunayaandika kama makadirio, tena kando. GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi zinazopasha dunia joto, unaweka mafuta unayochoma mwenyewe kundi la kwanza, na ya malori ya kukodi kundi la tatu. Ukiyachanganya, unajibebesha mafuta ambayo mwenye lori anayahesabu kuwa yake.

Fundi_Boila_Kericho
Kifaa cha moshi achana nacho kwa kazi hii. Kaboni iliyoingia kwenye injini karibu yote hutoka kama kaboni dioksaidi, na lita zimeshakuambia ni kiasi gani. Kifaa kinahitajika kwa masizi na oksaidi za nitrojeni, maana hizo hutegemea jinsi mafuta yanavyoungua.

Kwetu kiwandani, kwenye chai, kazi ngumu ni kuni. Mkaratusi mbichi na mkavu wa uzito mmoja havitoi joto sawa, kwa hiyo bila kupima unyevu mzani hausaidii. Kaboni dioksaidi ya kuni huandikwa kando, kwa kuwa miti ikikua tena huirudisha, lakini methani yake inaingia kwenye jumla. Wengi huandika sifuri na kufunga daftari, na hilo linaniudhi sana: msitu uliokatwa bila kupandwa tena haurudishi kitu.

Mwenye_Stoo_Nakuru
Asanteni sana. Jenereta ya stoo na umeme wa kawaida vinaingiaje?

Mhasibu_Milimani
Jenereta ni dizeli, tumia 2.68 ile ile, ila ipe ukurasa wake. Umeme wa gridi ni kundi la pili, na wa Kenya una kaboni kidogo kwa kuwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo.

Kilomita pia usizitupe, zitumie kukagua lita. Lori lililozoea kilomita 2.5 kwa lita likishuka hadi 1.8 kwenye barabara ile ile na mzigo ule ule, ama nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini zimechoka ama kuna mtu ananyonya mafuta njiani. Na kila risiti iandikwe namba ya gari, kisha ipigwe picha siku hiyo hiyo. Zile karatasi za pampu hufifia kabla mwaka haujaisha.